MPIGA NGOMA WA KABAKA: SOMO KWA WANAKWAYA NA JAMAA ZAO



Mwezi wa Novemba unakaribia, na katika parokia nyingi matangazo yamekwisha kubandikwa mlangoni mwa kanisa. Tarehe 22 ya mwezi huo ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji na wapiga vyombo, nazo kwaya zetu zapenda kukutanika siku hiyo, au Dominika iliyo jirani nayo, kwa tamasha. Vigango huchangishana nauli, akina mama huandaa chakula, sare hupigwa pasi, na watoto hulala usiku wa manane kwa kusikiliza mazoezi.

Katika mahali pengi imeingia desturi ya kumpa mwimbaji, au mtunzi wa nyimbo, nafasi ya kusimama mbele ya watu na kueleza jinsi Mungu alivyomwongoza katika imani. Baba mmoja, ambaye mwanawe ni mwanakwaya, aliniuliza juu ya jambo hilo kwa wasiwasi. Alitaka kujua kama kutoa ushuhuda ni desturi ya Kanisa Katoliki, au kama tumeiazima kwa jirani ili tamasha zetu zisichoshe. Swali lake ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa utaratibu. Hilo ndilo somo letu juma hili.

I. NENO LENYEWE

Katika lugha yetu, mtu aliyeona jambo kwa macho yake na kulisema barazani huitwa shahidi. Mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, naye huitwa shahidi. Siku hizi wengi hupenda kusema mfiadini, na neno hilo ni zuri kwa kuwa laeleza wazi. Lakini neno la zamani lina fundisho lake ndani. Wagiriki wa kale walikuwa na neno moja kwa mambo hayo mawili kama sisi, na ndilo lililoandikwa katika Matendo ya Mitume, pale Bwana wetu alipowaambia wanafunzi wake kwamba watakuwa mashahidi wake kuanzia Yerusalemu hata miisho ya dunia.

Basi, ushuhuda si kitu cha kuazima. Mtume Paulo aliueleza wongofu wake mbele ya umati wa Yerusalemu, akaueleza tena mbele ya mfalme Agripa. Mtakatifu Augustino aliandika vitabu kumi na vitatu vya Maungamo yake, akiyasimulia maisha yake mbele ya Mungu huku wanadamu wakisikiliza. Baba yule aliyeniuliza na awe na amani: jambo lenyewe ni letu tangu mwanzo.

Lakini tuangalie vema jinsi shahidi anavyotendewa barazani. Wazee hawamwulizi kama sauti yake ni tamu. Hawatazami nguo zake. Wanamwuliza: Uliona nini? Tena wanayapima maneno yake kwa mwenendo wake, maana mtu mwongo nyumbani kwake hasadikiwi barazani. Kipimo hicho ndicho kiwekwe mbele ya kila mwimbaji atakayesimama siku ya tamasha. Nasi katika nchi hizi zetu za Maziwa Makuu tunaye mtakatifu aliyepimwa kwa kipimo hicho.

II. MKUU WA WAPIGA NGOMA

Kila mwaka, tarehe 3 Juni, mahujaji kwa maelfu hukusanyika Namugongo, nchini Uganda. Wengine hutembea kwa miguu siku nyingi, wakitoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Kwaya huimba, ngoma hulia, na majina ya Mashahidi ishirini na wawili hutajwa. Watu wote wawajua Karoli Lwanga na kijana Kizito. Lakini ni wanakwaya wangapi wajuao kwamba mmoja wa Mashahidi wale alikuwa mwanamuziki kwa kazi yake?

Jina lake ni Andrea Kaggwa. Hakuzaliwa Buganda. Alikuwa mtoto wa Bunyoro, akatekwa na askari wa Buganda katika uvamizi, akaletwa katika jumba la Kabaka Mutesa kuwa mtumishi. Huko alipata kukua na kupendwa, hata akafanywa mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme, mwenye cheo kilichoitwa Mugowa. Maana yake ni kwamba mtoto aliyenyang'anywa nyumba ya baba yake alikua akawa mwenye kuongoza ngoma za yule aliyemteka.

Wamisionari wa kwanza wa Shirika la White Fathers, Padre Lourdel na Bruda Amans, walifika Buganda mwezi wa Februari 1879. Kaggwa alikuwa mmoja wa waliokwenda kujifunza, akabatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Miezi michache baadaye, mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Mapadre waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakavuka ziwa kwenda kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi Buganda mpaka mwaka 1885.

Tufikiri kidogo juu ya miaka hiyo. Hapakuwa na padre. Hapakuwa na Misa, wala kitubio, wala mtu wa kuwauliza maswali magumu. Wakristu wenyewe ndio waliobaki kufundishana: Yozefu Mukasa katika jumba la mfalme, Matia Mulumba huko Mityana, na Andrea Kaggwa nyumbani kwake. Mkuu wa ngoma akawa mwalimu wa dini. Hakuiacha kazi yake ili awe mwalimu, wala hakusubiri kupewa cheo kipya. Vijana waliokuwa chini yake katika upigaji ngoma walipata kwake neno la Mungu pia. Mmoja wao, Yakobo Buzabalyawo, alikuwa Mwislamu kwanza, akabatizwa Novemba 1885, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Kaggwa mwenyewe alitangulia. Kabaka Mwanga, aliyeurithi ufalme mwaka 1884, alimpenda na hakutaka kumtoa. Lakini Katikiro, yaani waziri mkuu, alimchukia kwa sababu Kaggwa alikuwa akiwafundisha dini hata watoto wa nyumba yake. Alimsumbua mfalme mpaka akampata. Tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Andrea Kaggwa alikabidhiwa kwa muuaji. Katikiro alisema hatakula chakula chake kabla ya kuletewa mkono wa Kaggwa, ili awe na hakika kwamba amekufa. Muuaji alipositasita, Kaggwa alimhimiza afanye upesi alivyoagizwa. Wakamwua, na mkono ukapelekwa kwa Katikiro.

Ule ulikuwa mkono wa mpiga ngoma. Hatuambiwi kwamba Andrea Kaggwa alitunga wimbo mtakatifu hata mmoja. Ngoma alizozipiga zilikuwa za mfalme, wala hazikuwa za kanisa. Lakini alipoulizwa aliona nini, aliweza kujibu, na jibu lake halikuwa la mdomo tu. Ndiyo maana Kanisa humwita shahidi. Papa Fransisko alipozuru Munyonyo tarehe 27 Novemba 2015, ni mahali hapo alipokutana na makatekista na walimu, ili nao wamtazame mwenzao huyo.

III. FURAHA YA WIMBO, NA HATARI YAKE

Sasa tuulize: je, wimbo wenyewe hauna nguvu? Unayo sana. Mwaka 386, katika mji wa Milano, mama yake kaisari alitaka kuwapa Waario makanisa ya Wakatoliki. Askofu Ambrosi na watu wake wakakesha kanisani, tayari kufa pamoja. Ili watu wasichoke na kuvunjika moyo, Ambrosi aliwafundisha kuimba tenzi na zaburi. Mwaka uliofuata, siku ya Pasaka, Augustino alibatizwa na Ambrosi huyo huyo; naye asimulia jinsi alivyolia machozi aliposikia kanisa likiimba, na jinsi ukweli ulivyoingia moyoni mwake pamoja na sauti zile.

Lakini Augustino huyo huyo, alipokwisha kuwa askofu, aliandika neno la pili ambalo wanakwaya hawapendi kulisikia. Aliungama kwamba mara nyingine uzuri wa sauti ulimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, na kwamba jambo hilo alilihesabu kuwa kosa. Hata hivyo hakutaka nyimbo ziondolewe kanisani, kwa kuwa alijua zimewasaidia wengi, na yeye mwenyewe mmoja wao.

Maneno hayo mawili yafaa kushikwa pamoja. Anayesema wimbo ni pambo tu, hajui kilichotendeka Milano. Anayesema kila machozi yanayotoka katika tamasha ni kazi ya Roho Mtakatifu, naye amejisahau. Sesilia mtakatifu, kama mapokeo yasimuliavyo, siku ya harusi yake vyombo vilipigwa nje, naye akamwimbia Mungu moyoni. Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa waimbaji kwa sababu ya wimbo ambao hakuna mgeni wa arusi aliyeusikia.

IV. SAUTI YA KWETU

Wako wazee wanaokumbuka jinsi ngoma zilivyokatazwa kanisani katika misioni nyingi. Zilihesabiwa kuwa mali ya mizimu au ya pombe. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake na nafasi yake, kwa kuwa una sehemu kubwa katika maisha yao ya dini na ya jumuiya. Hati hiyo hiyo yataka kwaya zikuzwe kwa bidii, lakini pia taifa zima la waamini liimbe sehemu iliyo yake.

Hata kabla ya agizo hilo wana wa Afrika walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alitoa mwaka 1963 kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alitoa mwaka 1955 kitabu juu ya muziki wa nchi yake, kisha akatunga oratorio kubwa ya kuwasifu Mashahidi wa Uganda. Oratorio hiyo iliimbwa Roma mwezi wa Oktoba 1964, wakati Papa Paulo VI alipowaandika Mashahidi hao katika orodha ya watakatifu.

Miaka sabini na minane ilikuwa imepita tangu mkono wa Kaggwa ukatwe. Sasa mji wa Petro ulikuwa ukimsifu kwa muziki wa Buganda. Kila ngoma inayopigwa leo katika Misa zetu imefika hapo kwa jasho la watu waliosoma, waliotunga, waliobishana kwa adabu na wakubwa wao, na wengine waliokufa. Kwa hiyo haifai ipigwe na mkono wa mtu asiyejali anapiga mbele ya nani.

V. MWALIMU ALIYEKAA KWENYE KINANDA

Nitasimulia jambo nililoliona mwenyewe katika parokia moja niliyoitumikia. Mhusika alinipa ruhusa, nami simtaji jina.

Ilikuwa siku ya tamasha. Kwaya sita zilikuwa zimeimba. Waimbaji wawili wenye sifa, waliokwisha kurekodi nyimbo zao, walikuwa wametoa ushuhuda wao na kupigiwa makofi mengi. Kisha mwenyekiti akamwita mwalimu wa kwaya ya pale pale, mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu wa maneno machache. Alisimama kando ya kinanda chake, akasema hivi:

“Ninyi nyote mmejifunza nyimbo za komunyo kwangu. Kwa miaka kumi na mmoja niliwapigia nyimbo hizo, na kwa miaka kumi na mmoja sikukomunika. Hakuna aliyejua, kwa sababu mpiga kinanda haulizwi kwa nini hasimami. Mikono yake ina kazi.”

Akaeleza kwamba alikuwa akiishi na mkewe bila ndoa ya Kanisa. Mwanzoni sababu ilikuwa mahari ambayo haikuwa imekwisha. Baadaye sababu ilikuwa aibu. Kinanda kilikuwa maficho yake. Ikawa mwaka mmoja binti yake mdogo akajiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Akamwuliza, “Baba, siku yangu hiyo, wewe nawe utakuja kupokea, au utapiga tu?” Alikosa jibu. Usiku ule alizungumza na mkewe, na baada ya miezi mitatu walifunga ndoa, siku ya Jumamosi asubuhi, Misa ya kwanza, bila karamu, mbele ya mashahidi wawili. Dominika ya binti yake mwanafunzi wake alikaa kwenye kinanda, naye akasimama katika mstari nyuma ya mkewe.

Alipomaliza kusema aliketi. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa kimya kabisa, kisha bibi mmoja akaanzisha Salamu Maria, tukamfuata wote. Juma lile jamaa mbili zilikuja kwangu kuuliza habari za kubariki ndoa zao.

Mimi nami nina la kuungama hapa. Tamasha hiyo ilikuwa imetanguliwa na miaka miwili ambayo mimi nilikuwa padre wake. Ndoa yake ilifungwa kabla sijafika, lakini mwanafunzi wake, kijana aliyekalia kinanda Dominika ile, alikuwa hakomuniki tangu nilipofika, nami sikuona. Kila Pasaka nilimshukuru mbele ya watu kwa sauti nzuri za kwaya. Sikumwuliza hata siku moja habari za roho yake. Mzee ndiye aliyeniambia, jioni ile, tulipokuwa tukifunga kanisa.

Tazameni pia adabu ya mzee yule. Alimwomba mkewe idhini kabla ya kusema. Hakumtaja baba mkwe wake wala hakumlaumu mtu kwa ajili ya mahari. Alisema dhambi yake kwa maneno machache, akasema rehema ya Mungu, akaketi. Huo ndio ushuhuda.

VI. MAMBO YA KUSHIKA

Kwa hiyo napenda kuyaweka mbele ya mapadre wenzangu, viongozi wa kwaya na wazazi mambo haya matano.

La kwanza: tamasha ianze kwa Misa, na siku iliyotangulia mapadre wakae katika kitubio. Ni vibaya kuwakusanya waimbaji mia tatu kutoka mbali tusiwape nafasi ya kupatanishwa na Mungu.

La pili: atakayetoa ushuhuda azungumze kwanza na padre wake. Aseme yake, asiseme ya mwenzi wake, ya wazazi wake wala ya jirani bila idhini yao. Dhambi zilizo za kitubioni zibaki kitubioni. Amtaje Mungu kuliko anavyojitaja mwenyewe, tena asirefushe.

La tatu: tusiwaite wenye sifa tu. Yuko mpiga ngoma, yuko anayenakili nyimbo, yuko mama anayefungua chumba cha mazoezi miaka ishirini sasa. Barazani shahidi huitwa kwa sababu ya alichokiona, hata kama hajulikani.

La nne: zawadi na fedha zihesabiwe hadharani. Kwaya nyingi zimevunjika kwa sababu ya mapato ya rekodi kuliko kwa sababu ya sauti mbovu. Na kwaya zikishindanishwa, mwamuzi asiwe mtu wa upande mmoja, na walioshindwa wakae meza moja na walioshinda.

La tano, nalo ni la wazazi: msimpeleke mtoto kwenye kwaya kama mtu anayepeleka nguo kwa fundi, mkarudi kuchukua kazi iliyokwisha. Mtoto hujifunza sauti kwa mwalimu, lakini imani huijifunza kwa kuwatazama ninyi. Swali la binti yule lilitoka katika macho yake, halikutoka katika katekisimu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Andrea Kaggwa alifundisha dini bila kuiacha kazi yake ya ngoma. Katika jamaa yetu, kila mmoja ana kazi gani, na ni nani anayemwona Kristu kwa njia ya kazi hiyo?

2. Miaka ile Mapadre walipokuwa Bukumbi, Wakristu wa Buganda walifundishana wenyewe. Kama kigango chetu kingekosa padre miaka mitatu, nyumba yetu ingefundisha nini?

3. Je, yupo kwetu mtu anayejificha nyuma ya kazi nzuri ya Kanisa, kama mwalimu yule nyuma ya kinanda? Tumsaidieje bila kumwaibisha?

4. Wimbo upi tunaouimba kila Dominika ambao maneno yake hatujawahi kuyafikiri? Uimbwe leo jioni polepole, kisha maneno yake yaelezwe kwa watoto.

Mungu azibariki kwaya zetu, na azifanye nyumba zetu ziimbe kwa mwenendo kama zinavyoimba kwa midomo. Mtakatifu Sesilia, utuombee. Mtakatifu Andrea Kaggwa, mpiga ngoma na shahidi, utuombee. Watakatifu Mashahidi wote wa Uganda, mtuombee.